Hindi lililorudi kwenye siagi

Lingekuwa kosa kubwa, familia ingeitisha kikao, wazee wangesema yao, faini ingetajwa na mambo yangeisha. Hili ni dogo mno kuitishiwa kikao, na kwa udogo huohuo limeivuruga nyumba. Mkwe alizungusha hindi lake kwenye siagi ya wote, akala nusu, akalirudisha kwenye siagi ileile. Mama mkwe akaagiza sahani iondolewe mezani. Tangu siku hiyo mkwe hajakanyaga Tabata, kwa mama mkwe wake, na kikao cha kupanga sendofu ya binti mdogo kimeahirishwa mara mbili kwa sababu ambazo hakuna anayeziamini. Mara foleni, mara mtoto ana mafua.

Familia hii ni majirani zangu wa siku nyingi. Mama tunaitana jirani, na binti zake wananiita mama mdogo. Kila upande umenieleza ya kwake kwa wakati wake, na wote wameniruhusu niandike mradi nisitaje majina. Kila anayenisimulia anakigeuza kisa kuwa ugomvi wa Uzungu na Uswahili: huyu anasema mkwe karudi na tabia za Marekani, yule anasema nyumba ya Tabata ina ushamba. Nimekigeuzageuza kisa hiki na sijaona mahali ambapo mila mbili zimegongana. Nimeona utelezi wa kawaida wa mezani uliopewa jina kubwa.

Jumapili yenyewe

Ilikuwa Juni, baada ya masika, mahindi mabichi yamejaa soko la Buguruni. Binti mkubwa na mumewe walirudi nchini mwaka jana baada ya kuishi Minnesota kwa miaka tisa. Mume si mgeni wa nchi hii. Kazaliwa Dar, kakulia Temeke, kala sinia moja na ndugu zake utoto wote. Tuliweke hilo wazi mapema maana litahitajika.

Chakula cha mchana kilikuwa wali, kuku wa nazi na mchicha. Kilipokwisha likaletwa beseni la mahindi ya kuchemsha, yamefunikwa kwa maganda yake yasipoe. Hapo mkwe akatoa zawadi yake kutoka supamaketi: siagi halisi ya maziwa, kipande cha robo kilo, akaifungua na kuiweka kwenye sahani katikati ya meza. Katika nyumba ile siagi ni ile ya kopo, ya kupaka mkate asubuhi. Hii ya maziwa huwa wanaitazama rafuni na kuipita, bei yake mara kadhaa ya ile nyingine.

"Mama, leo onjeni hindi la kule tulikokuwa," akasema.

Akachukua hindi linalofuka mvuke, akalishika ncha mbili kwa vidole, akalizungusha juu ya kipande cha siagi. Siagi ikayeyuka ikaingia kati ya punje, akanyunyiza chumvi. Watoto wakashangilia. Mjomba, kaka yake mama, mzee anayependa kila jambo jipya, akafuata palepale. Na mama mwenyewe alizungusha lake. Hili nimeliuliza mara mbili kwa makusudi, na mama hakulikana: "Nilizungusha, jirani, na lilikuwa tamu." Kwa hiyo hatua ya kwanza haikumkera mtu.

Mkwe akala mpaka nusu ya hindi. Upande uliobaki ukawa umepoa na siagi imekwisha. Akalichukua lilelile, na alama za meno yake zikionekana, akalirudisha kwenye sahani na kulizungusha tena. Mwanawe wa miaka sita akamwiga baba yake. Kwenye siagi pakawa na mfereji, na ndani ya mfereji punje mbili zilizopasuka pamoja na vile vingozi vyembamba vyeupe ambavyo kwa kawaida hutolewa kwenye meno kwa kijiti.

Mama akatazama. Akaweka hindi lake chini, akamwambia binti wa kazi: "Mwanangu, hebu ondoa hiyo sahani, nzi wasije wakaingia."

Nzi hawakuwepo, madirisha ya nyumba ile yana nyavu. Mjomba akacheka kwa sauti. Mkwe akadhani ni mzaha asioujua, akaendelea kula hindi kavu. Mkewe alielewa papo hapo na hakusema neno. Ni njiani, wanarudi Kimara, ndipo mume alipouliza: "Kwani mama alikuwa ananisema mimi?" Mke akachelewa kujibu, na kule kuchelewa ndiko kulikokuwa jibu.

Kesho yake mjomba akaweka picha ya ng'ombe kwenye kundi la WhatsApp la familia, na chini yake akaandika: "Siagi imehakikiwa na mkwe." Kundi lina watu wengi, wakiwemo wa Lindi na wa Muscat. Mkwe akatoka kwenye kundi bila kuaga.

Madai ya mkwe

Mkwe ana hoja nne na kanieleza zote kwa utulivu, jambo lililonifanya nimheshimu. Siagi kaleta yeye. Kule walikokuwa ndivyo watu wanavyokula. Watu waliokula sinia moja hawana haki ya kuogopa mate. Na kama kakosea, angeambiwa.

Ya kwanza haina uzito. Zawadi ikishawekwa mezani ni ya mezani. Aliyeleta tikiti maji haruhusiwi kulikata kwa namna apendayo kwa sababu tu kalilipia.

Ya pili ni kweli nusu, na ile nusu ya pili ndiyo inayofundisha. Ni kweli kwamba Marekani, hasa majimbo ya kati yanayolima mahindi kama Iowa na Minnesota, familia nyingi huzungusha hindi juu ya siagi, mezani, bila aibu. Ila tazama vifaa vyao. Siagi ya huko huuzwa katika pakiti yenye vipande vinne virefu vyembamba, kila kimoja gramu 113 hivi. Kwa hiyo nyumba inayokula mahindi hutoa kipande kimoja, kinaitwa cha mahindi, kinawekwa kwenye kisahani chake, na kikibaki kinabaki kuwa cha mahindi. Hakuna anayekitegemea kwa mkate wa asubuhi. Tabata kulikuwa na kipande kimoja cha robo kilo ambacho kila mtu mezani alikwishakiwekea mipango. Swali la mama lilikuwa la mwenye nyumba hasa: "Iliyobaki ningeirudisha kwenye friji nimpakie nani mkate?"

Halafu kuna mahindi yenyewe. Kule yanayoliwa hivi ni mahindi matamu, mbegu ambayo sukari yake haigeuki wanga upesi. Yanachemshwa dakika chache, punje zake laini zinatoka kwa ulaini, na hindi zima linamalizika likiwa bado la moto. Msimu wake mkubwa ni Julai na Agosti. Sisi tunakula mahindi yaleyale ya unga yakiwa bado mabichi. Yanakaa jikoni muda mrefu, yana wanga, yanataka kutafunwa. Ukifika nusu limepoa na siagi imeisha. Mkwe alichukua ulaji uliozoea hindi la haraka akauleta kwenye hindi la taratibu, na ndiyo maana akajikuta anahitaji siagi ya pili. Kule angekuwa ameshamaliza. Sisemi hivi kumtetea; nasema kwamba hata huko, kurudia siagi kwa hindi lililong'atwa si sehemu ya mila, ni jambo ambalo watu hulikwepa kwa kuzungusha vizuri mara ya kwanza.

Na wakiwa na wageni, Wamarekani wanaofuata adabu hawazungushi. Adabu yao ya mezani inasema chota siagi kwa kisu cha siagi, weka pembeni mwa sahani yako, kisha paka mistari michache ya punje, kula, paka mingine. (Mistari ya hindi huwa namba shufwa karibu siku zote, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na sita. Ukibisha, hesabu.) Wengine hupaka siagi kwenye kipande cha mkate na kulizungusha hindi ndani ya mkate wao. Wengine huchomeka vishikio vyenye ncha pande mbili za gunzi ili vidole visilowe. Emily Post, mwanamke aliyekuwa sauti kubwa ya adabu za Kimarekani, aliandika mwaka 1922 kwamba hindi la kung'ata haliandaliwi kabisa kwenye karamu rasmi, na anayelila nyumbani alishambulie bila ukali mwingi. Miaka mia na zaidi imepita na bado hindi huwapa Wamarekani wasiwasi mbele ya wakwe.

Hata kwenye maonyesho ya jimbo la Minnesota, yanayofanyika mwishoni mwa Agosti karibu na mji wa St. Paul, hindi la kuchoma huchovywa zima kwenye siagi iliyoyeyushwa, linashikwa kwa maganda yake yaliyogeuzwa kuwa mpini. Maelfu ya mahindi, siagi moja. Ila linachovywa na muuzaji, kabla mnunuzi hajaligusa kwa mdomo. Mkwe amefika kwenye maonyesho hayo na kayakubali niliyosema. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kweli, hakuna anayerudi na nusu."

Sinia

Hoja ya tatu ndiyo aliyoitegemea zaidi, na ndiyo inayomwangusha. "Mama mdogo," akaniambia, "sisi tumekula mkono mmoja bakuli moja miaka yote. Leo mate yamekuwa sumu?"

Anasahau mkono unafanya nini ndani ya bakuli. Mtu anayekula ugali na wenzake anakata tonge, analiviringa, analitoboa kwa dole gumba, anachovya kwenye mchuzi wa wote na kulitia lote mdomoni. Lote. Hakuna anayeng'ata nusu ya tonge kisha akachovya nusu iliyobaki. Mtoto akifanya hivyo anapigwa kikofi chepesi cha mkono, na hilo linatosha mpaka ukubwani. Kwenye wali ni hivyohivyo. Unakula upande wako, hutangatangi kwenye sinia, nyama inakaa katikati mpaka mkubwa aigawe. Kabla ya yote mdogo kapita na birika na beseni akiwanawisha wakubwa kwanza. Ulaji wa pamoja unaonekana huru kwa asiyeujua, kumbe una sheria kuliko meza yenye uma na visu, na kati ya sheria zake hii ni ya juu kabisa: kilichoingia mdomoni hakirudi chomboni.

Kwa hiyo sinia haimtetei mkwe. Sinia ndiyo ingemkamata kwanza.

Nenda Coco Beach jioni utazame wachoma mahindi, uone sheria hiyohiyo bila meza wala sahani. Jiko la mkaa, mahindi yamepangwa, kikopo cha chumvi na pilipili ya unga, na nusu ya ndimu. Ukichagua lako, muuzaji anachovya ndimu kwenye kikopo na kulisugua hindi juu hadi chini, anakufungia kwenye ganda. Ndimu ileile inamhudumia anayefuata, na anayemfuata. Hakuna anayelalamika, kwa sababu ndimu imegusa mahindi ambayo hayajaguswa na mdomo wa mtu. Sasa simama hapo mpaka mteja arudi na hindi lililong'atwa nusu akiomba pilipili zaidi. Muuzaji anayeijua kazi yake hasugui. Anaikamua ndimu kwa juu, matone yakadondoka, kisha anamnyunyizia chumvi kwa vidole. Au anampa kipande chake cha ndimu ajisugulie mwenyewe. Hafundishi mtu adabu, hasemi kitu, anabadilisha tu mkono. Nimemwona mmoja akifanya hivyo huku anaongea na simu.

Minnesota siagi, Coco Beach ndimu, Temeke mchuzi. Sheria moja. Ndiyo maana nasema kisa hiki hakina Uzungu ndani yake. Mkwe hakuleta tabia ya kigeni. Alisahau ile aliyokuwa nayo, kwa kuwa siagi ilikuja na furaha ya kuonyesha kitu kipya na hakuna chombo mezani kilichomkumbusha.

Vijidudu vya mama

Mama alikuwa muuguzi hadi alipostaafu, na alikuwa kazini kipindupindu kilipozuka Dar Agosti 2015. Kwa hiyo aliponieleza sababu zake alianza na vijidudu, na akatia na kipindupindu humohumo. Namheshimu, lakini hapa kajificha nyuma ya taaluma.

Kipindupindu hutoka chooni kikaingia kwenye maji na chakula. Meno ya mkwe hayahusiki. La mate lina ukweli wake: mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson huko South Carolina, wakiongozwa na Paul Dawson, walichapisha jaribio la watu kung'ata biskuti na kuichovya tena, na kitoweo kilichochovywa kwa biskuti iliyong'atwa kilikutwa na bakteria wengi zaidi kuliko kile cha biskuti nzima. Mafua hupita kwa njia ya aina hiyo pia. Lakini siagi yenyewe ni mafuta kwa asilimia 80 hivi, maji yake ni machache na yametawanyika kwa vitone vidogo sana, kwa hiyo si mahali pazuri pa bakteria kuzaliana, hasa ikiwa na chumvi. Hatari ipo, ila ni ndogo kuliko ya mtoto yuleyule wa miaka sita kukohoa mezani, na hakuna aliyemwondoa mezani mtoto.

Ushahidi wa mwisho nimeupata jikoni. Siagi ile haikutupwa. Mama aliipasha moto jioni ileile mpaka povu likapanda, akaliengua, akaichuja kwa kitambaa, akapata samli. Chapati za Jumanne zilipikwa kwa samli hiyo na mjomba alikula nne. Muuguzi anajua moto unafanya nini. Kama tatizo lingekuwa vijidudu, lilikuwa na dawa ya dakika kumi na tano.

Tatizo lilikuwa kuona. Kuona chakula cha wote kimeachwa na alama za meno ya mtu mmoja, mbele yake, na mtu huyo ni mkwe. Hilo ni jambo halali kabisa la kukerwa, halihitaji koti la uuguzi. Kinyaa nacho ni sababu. Mama angenieleza hivyo tangu mwanzo tungeokoa muda.

"Angeniambia"

Inabaki hoja ya nne, na hii sikuweza kuiangusha.

Waislamu wanaijua hadithi ya kijana Umar bin Abi Salama, aliyelelewa nyumbani kwa Mtume. Mkono wake ulikuwa unazunguka huku na huku kwenye chombo. Mtume akamwambia: ewe kijana, mtaje Mungu, kula kwa mkono wako wa kulia, na kula kilicho mbele yako. Aliambiwa yeye, wakati uleule, kwa maneno machache, na chakula kikaendelea. Chombo hakikuondolewa.

Mkwe alitaka hivyo. Lakini mkwe si kijana wa kulelewa, na hapa ndipo ninapomwelewa mama. Mama mkwe wa pwani hamkosoi mkwe wake usoni. Katika makabila mengi ya nchi hii wawili hao kwa jadi wasingekaa meza moja kabisa, na sisi wa Dar tumelegeza hayo bila kujiwekea njia mpya ya kuambiana. Akamwambia binti wa kazi maneno ya nzi. Ni tafsida, ilikusudiwa kumsitiri, na ingemsitiri vizuri kama mjomba asingecheka.

Ujumbe wa namna ile una njia yake, na njia ni binti. Yeye ndiye pekee katika meza ile aliyekaa miaka tisa kwenye meza ya mumewe na miaka yote ya kabla kwenye meza ya mama yake. Alijua mume atazungusha, na alijua mama anatazama nini. Aliona siagi inawekwa nzima, bila kisu, bila kijiko, akaacha. Aliona hindi linarudi, akaacha. Mguu mmoja chini ya meza ungetosha. "Baba, chukua kisu" yangetosha. Na hata usiku ule njiani angeweza kumwambia mumewe ukweli kwa sentensi moja ya kawaida badala ya kumwacha aupate kwenye ukimya.

Najua nitaambiwa nimembebesha mwanamke mzigo wa mwanaume mzima anayejua kula. Dada mmoja niliyemsimulia aliniambia hivyohivyo kabla sijamaliza. Angekuwa ni mtoto wa kiume aliyeleta mke kutoka Minnesota, ningemwambia yeye maneno haya haya: anayewajua wote wawili ndiye mwenye kazi ya kuwakutanisha. Kosa la mkono ni la mkwe, silimwondolei. La kuliacha kosa litokee ni la binti.

Ila ukiniuliza ni nani anayedaiwa msamaha wa maneno, wa kutamkwa, jibu ni mjomba. Wengine wote walikosea mezani, na ya mezani huishia mezani. Yeye aliyachukua akayapeleka mpaka Muscat. Kabla ya picha ya ng'ombe kulikuwa na watu wanne wanaojua na wote walikuwa tayari kusahau. Mama mwenyewe ananiambia alikuwa amepanga Jumapili iliyofuata apike mahindi ya nazi, mkwe anayapenda, yaishe. Yale hukatwa vipande na kupakuliwa kila mtu na bakuli lake, kwa hiyo hata swali la siagi lisingekuwepo.

Niliyoshauri

Kwa mama: ampigie mkwe simu yeye mwenyewe, asipitie kwa binti, amwite kwenye kikao cha sendofu kama mkubwa wa shughuli anayehitajika. Siagi isitajwe. Mkwe akianza kuomba radhi amkatize kwa kumuuliza hali ya watoto. Kapiga. Mkwe kaniambia alijibu "Shikamoo mama" na hakujua aseme nini baada ya hapo, mama akajaza mwenyewe.

Kwa mkwe: arudi kwenye kundi bila kueleza kwa nini alitoka. Na amfundishe mwanawe, maana mtoto kajifunza kwake. Mtoto wa miaka sita haelewi bakteria wala wakwe, lakini anaelewa "hindi likishaingia mdomoni halirudi kwa wenzako." Aambiwe wakati wa kula, kwa sauti ya kawaida, kama yule kijana wa kwenye hadithi.

Kwa binti: kazi ya vyombo. Mahindi yakatwe vipande viwili kabla ya kuchemshwa, hindi fupi linamalizika likiwa na moto. Siagi isiwekwe nzima. Kata kiasi cha kuliwa siku hiyo, ziada ibaki kwenye friji na karatasi yake, swali la mkate wa asubuhi linakufa hapo. Iliyokatwa iende kwenye kibakuli na kijiko chake, kila mtu apewe kisosi, achote mara moja, apake hindi lake kwenye kisosi chake na arudie humo mpaka aridhike. Anayependa raha ya kuzungusha azungushe kwenye kisosi, hakuna anayemkataza. Ikiyeyushwa kwenye sufuria ndogo na kidogo cha chumvi, ndimu na pilipili ya unga inakuwa tamu kuliko ile ya Minnesota, na hiyo inamiminwa kwa kijiko kwa juu, kama anavyofanya mchoma mahindi na mteja aliyerudi. Visosi vya nyumba ile vipo kabatini, seti nzima, vinangoja wageni. Mkwe wa miaka kumi na moja bado hajahesabiwa mgeni wala mwenyeji, labda hilo nalo lipangiwe siku yake.

Kikao cha sendofu sasa ni Jumamosi saa kumi alasiri, Tabata. Mkwe kathibitisha, na kachukua jukumu la turubai na viti. Mjomba ameniahidi mbele ya dada yake kwamba atampigia simu kabla ya siku hiyo na ataifuta ile picha. Picha kaifuta. Simu bado hajapiga.